Pia ya Goti Inapohama: Upasuaji Ni Nusu ya Safari

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili)



Katika maombi ya msaada wa matibabu mnayotuletea, mara nyingine huandikwa tu "operesheni ya goti". Leo naomba tuelewane juu ya tatizo moja: pia ya goti inayochomoka na kuhamia upande wa nje.

Pia hupita katika mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja. Ikihama mara ya kwanza, kwa kawaida hurudishwa mahali pake, kisha mgonjwa hufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Upasuaji wa mapema hufikiriwa hasa pale kipande cha mfupa au gegedu kinapokuwa kimevunjikia ndani. Ikiendelea kuhama, daktari hutafuta chanzo.

Kano ya upande wa ndani inayoishikilia pia ikiwa imelegea au imekatika, hutengenezwa nyingine, mara nyingi kwa kano iliyotolewa nyuma ya paja. Pia ikiwa inavutwa upande, kipande cha mfupa chini ya goti, pale kano yake inaposhika, hukatwa, husogezwa na kufungwa kwa skrubu. Mtoto ambaye mifupa yake bado inakua hafanyiwi hivyo, maana ukuaji wa mfupa unaweza kuharibika. Mfereji ukiwa hauna kina, unaweza kuchimbwa. Hiyo ni kazi kubwa, ya wagonjwa wachache.

Sasa nikiri kosa la ofisi yangu. Binti mmoja tulimlipia upasuaji, tukafurahi, tukafunga faili. Nauli ya kwenda kwenye mazoezi ya viungo hatukuiweka katika bajeti. Mama yake aliuza kuku mpaka wakaisha, kisha binti akabaki nyumbani. Goti likakakamaa. Ilibidi turudi kuomba fedha upya, kwa aibu.

Kwa hiyo kila ombi lije na mambo matatu: maelezo ya daktari kuhusu chanzo na aina ya upasuaji, gharama za magongo na nauli za mazoezi kwa miezi kadhaa, na mjumbe wa usharika atakayemtembelea mgonjwa. Nanyi wafadhili, mkiona fungu la nauli, msilikate. Bila hilo, fedha za upasuaji zinaweza kupotea.