Kusi na Kura

Ndugu zetu wa Lamu Mashariki, kuanzia 1992 hadi 2007 uchaguzi mkuu ulifanyika Desemba, msimu wa kaskazi. Katiba ya 2010 iliuhamishia Jumanne ya pili ya Agosti, kusi bado ikivuma; sidhani mashua zilikumbukwa. Bahari ya Kiunga na Kizingitini huchafuka, na mlango wa Mkanda maji yakipwa haupitiki kwa urahisi.

Kura hupigwa kituo ulikojiandikisha tu, saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni. Aliyejiandikisha Faza na anafanya kazi Amu, avuke Jumatatu, maji yakijaa, na jaketi la kujiokoa avae. Tafadhali, msiwasubirishe wazee hadi Jumanne.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Mwezi utakuwa nusu, maji mafu. Cha kuchunga ni upepo.