Sukari, Figo na Damu ya Ukoo

  Leo tutazungumza juu ya figo za mtu mwenye kisukari, na juu ya swali ambalo naulizwa mara kwa mara hapa Lamu: "Sista, mama alikufa kwa figo, sasa kaka naye ana sukari. Huu ni ugonjwa wa ukoo? Tumeandikiwa sote?"

Swali hili lina maana. Watu wawili wanaweza kuishi na sukari miaka ishirini, wakinywa chai ile ile na kula halwa kwenye harusi zile zile, mmoja figo zikaharibika na mwingine zikabaki salama. Sehemu ya sababu ni jinsi kila mmoja alivyoitunza sukari na presha yake, lakini si yote. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walichunguza familia zenye ndugu zaidi ya mmoja mwenye kisukari. Pale ambapo mmoja alikuwa na ugonjwa wa figo, asilimia 83 ya ndugu zake wenye kisukari nao walikuwa na dalili za figo kuathirika. Pale ambapo figo za mmoja zilikuwa nzima, ilikuwa asilimia 17 tu. Familia zenyewe zilikuwa chache, lakini tofauti hiyo si ndogo. Basi wataalamu wakaanza kutafuta sababu katika jeni, yaani yale maagizo ya mwili tunayoyarithi, nusu kwa mama na nusu kwa baba.

Ili uelewe walichokipata, fikiria kifumbu cha kuchujia tui. Figo ina vichujio vidogo sana vinavyofanya kazi hiyo: uchafu unatoka na mkojo, protini inabaki kwenye damu. Sukari ikiwa juu miaka mingi, kifumbu kinalegea na protini inaanza kuvuja. Mwaka 2019 wanasayansi walilinganisha jeni za watu karibu 20,000 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wote wa asili ya Ulaya. Walikuta badiliko katika jeni iitwayo COL4A3, ambayo husaidia kutengeneza nyuzi za chujio lenyewe. Na badiliko hilo, mama, halileti ugonjwa. Linakinga. Kwa hiyo ukoo haurithishi mabaya tu.

Utasema, hao ni Wazungu, sisi je? Kwa Waafrika jeni inayotajwa sana ni APOL1, ambayo uhusiano wake na figo ulijulikana mwaka 2010. Mabadiliko yake humsaidia mtu kupambana na vijidudu vya malale, ule ugonjwa wa mbung'o, lakini aliyeyarithi kwa baba na kwa mama pia, figo zake ziko hatarini zaidi, hasa kwa magonjwa ya figo yasiyotokana na sukari. Yamejaa Afrika Magharibi. Huku kwetu Afrika Mashariki ni machache. Uganda nao walichapisha mwaka 2021 utafiti wa jeni na kazi ya figo kwa watu zaidi ya 3,000.

Na mtu wa Pwani ana mchanganyiko wake. Mwaka 2023 watafiti walitangaza matokeo ya kupima mifupa ya watu 80 wa zamani, wengine kutoka makaburi ya hapa kwetu Manda na Faza. Wengi walikuwa na asili ya Afrika, zaidi upande wa mama, na ya Uajemi, zaidi upande wa baba. Ndiyo maana majibu ya Ulaya au ya Ghana hayawezi kubandikwa tu juu ya mtu wa Pate. Ikiwa siku moja watafiti watakuja kuomba damu, uliza inapelekwa wapi, itatumiwa kwa nini, na kama utaambiwa matokeo. Una haki ya kukataa. Mimi binafsi ningependa tushiriki, maana asiyepimwa hawezi kuhesabiwa.

Kwa leo, hakuna kipimo cha jeni kinachoweza kumwambia mwenye kisukari cha kawaida kwamba lazima figo zake zitaharibika. Akija mtu kukuuzia, mwambie asante, apite. Historia ya ukoo wako ndiyo tunayoitumia kliniki. Kwa hiyo tuambie: nani alikuwa na sukari, nani miguu ilivimba, nani alisafishwa damu kwa mashine.

Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe mkojo kuangalia protini, na damu kuangalia figo, tangu siku anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Usingoje maumivu, figo huharibika kimya kimya, na miguu ikivimba tayari muda umepita. Ukiwa na ndugu aliyeugua figo, usiruke hata mwaka mmoja. Presha ipimwe kila unapokuja. Zipo dawa kama enalapril na losartan zinazoshusha presha na kupunguza protini kuvuja, lakini hazifai kwa mimba. Ukipanga kuzaa au siku zako zikichelewa, njoo upesi tukubadilishie.

Jambo jingine ni hizi dawa za maumivu za dukani, diclofenac na brufen, ambazo mtu humeza kila siku kwa ajili ya magoti. Kwa mwenye kisukari zinaumiza figo. Na mashine ya kusafisha damu inataka mgonjwa mara mbili au tatu kila wiki. Mtu wa Kiunga au Ndau ahesabu mwenyewe nauli ya boti, na siku za kusi.

Unapokuja kliniki, leta mkojo wa kwanza wa asubuhi katika chupa safi, na daftari lako. Wiki ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya kisukari cha mimba. Kwaherini.