Mashine Inayomenya Bila Kisu

Katika jiko la hoteli kubwa, kama zile za Diani, Kwale, gunia la viazi linaweza kumenywa bila kisu. Viazi humiminwa ndani ya pipa la chuma. Chini, sahani inayokwaruza kama msasa huzungushwa na mota, ikivirusha ukutani. Maganda husugulika, maji huyasomba. Ukichelewa kuvitoa, nusu ya kiazi umeimwaga mtaroni!

Muhogo wa Msambweni ni shughuli nyingine. Umepinda, ganda lake nene, na mashine huruka penye mikunjo. Ganda hilo, hasa la muhogo mchungu, lina sumu ya sianidi. Basi kagua kila kipande, na uzime umeme kabla ya kutia mkono.