Kabla Hatujarekodi



Tangu litolewe wazo la kurekodi usiku wa kwaya na ngoma, ili rekodi iuzwe tumalizie bweni la wasichana, simu zetu hazipoi. Mnauliza mbona sisi watunza hesabu tunachelewesha. Tuwasimulie kisa.

Mwaka 1971 vita vilivyozaa Bangladesh viliwakimbiza mamilioni ya watu kuingia India. Ravi Shankar, mpiga sitar mwenye asili ya Bengal, alimwomba msaada rafiki yake George Harrison wa kundi la Beatles. Tarehe 1 Agosti wakafanya maonyesho mawili siku hiyo hiyo, New York. Bob Dylan alipanda jukwaani. Shankar na wenzake walipokuwa bado wanakaza nyuzi, watu wakapiga makofi, naye akawatania kwamba kama wamependa hata huko kujaribu, basi muziki wenyewe wataupenda zaidi. (Hata kwetu wapo wanaoshangilia fundi akijaribu kipaza sauti.)

Kiingilio kilitoa dola 243,418.50, zikaenda UNICEF. Kisha ikatoka rekodi ya tamasha lile, santuri tatu ndani ya kasha moja. Ikanunuliwa sana, na mwaka 1973 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Hapo ndipo sisi wahasibu tunaposhika kichwa. Kabla ya tamasha hakuna aliyeomba msamaha wa kodi. Mamlaka ya kodi ya Marekani ikazuia fedha za santuri, nyingi zikakaa takriban miaka kumi. Mtoto aliyekuwa na njaa mwaka 1971 alikuwa kijana tayari, kama aliishi.

Nasi tusijidanganye. Chama kusajiliwa hakukipi hadhi ya shirika la hisani mbele ya TRA. Hadhi hiyo huombwa kwa Kamishna. Barua iko tayari, inasubiri saini mbili za wazee waliokaa meza ya mbele, nasi tunawaangalia.

La pili ni wanakwaya. Tuliwahi kurekodi kwaya bila karatasi yoyote. Mwenye mitambo akabaki na kanda halisi, akauza nakala, hatukuona hata shilingi. Safari hii kila mwimbaji na mpiga ngoma atie saini kwanza, na mwenye studio vilevile. Fomu ziko mlangoni, pembeni ya birika la chai.