Kazi za Mikono za Krismasi: Maneno ya Kamati ya Akina Mama Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika mkutano uliopita Wazee walituuliza swali moja, nasi siku ile hatukuwa na jibu: fedha za mfuko wa maziko tulizokopeshwa kununulia karatasi na vitambaa zimekwenda wapi? Leo tumekuja na jibu, na daftari la hesabu liko mezani kwa Mweka Hazina kwa kila atakayependa kulitazama. Hatukuja kujitetea. Makosa yalikuwa yetu, nasi tutayataja, kisha tutawaomba neno.

Mtakumbuka kwamba katika mwezi wa Oktoba wa mwaka uliotangulia huu tunaoutolea hesabu, tulipewa shilingi 40,000 kwa ahadi ya kuzirudisha kabla ya mwaka kwisha. Kwa shilingi 14,000 tulinunua cherehani. Zilizobaki zilikwenda katika leso, bitana, nyuzi, karatasi nene na rangi. Hatukuwa na wasiwasi wowote, kwa maana ofisi moja ya hapa Mombasa ilikuwa imetuagiza kadi 300 za Krismasi, na tulikuwa tumekwisha kodi meza katika soko la Krismasi linalofanywa katika kiwanja cha kanisa. Sikukuu ilipopita tulikuwa na shilingi 17,000 mkononi, na kadi 300 zimelala sandukuni.

Mwezi wa Januari mwenzetu mmoja akafiwa na mumewe. Mfuko wa maziko ulipofunguliwa haukutosha. Vijana wa chama walipita nyumba kwa nyumba usiku kuchanga fedha za jeneza na za gari la kumpeleka marehemu kwao. Na mjane yule, Wazee wetu, alikuwa ni mmoja wa wale walioshona vitambaa ambavyo havikuleta faida. Hatuna haja ya kueleza zaidi jinsi tulivyojisikia siku ile.

Kosa la kwanza lilikuwa la majira. Tulianza kutengeneza karatasi mwezi wa Novemba, nao ni mwezi wa mvua za vuli. Wanachama wengi hawajaiona kazi hii inavyofanywa, basi na tuieleze, kwa maana bila kuielewa mtu atadhani tulikuwa tukicheza.

Karatasi chakavu huraruliwa vipande vidogo na kulowekwa usiku kucha, kisha hutwangwa kinuni mpaka ziwe kama uji mzito. Mgomba uliokwisha kuzaa haufai tena shambani, lakini unatufaa sisi: shina hukatwakatwa, huchemshwa kwa maji yenye magadi, yale yale yauzwayo sokoni kwa kulainishia maharagwe, kwa muda wa saa tatu au nne, hata nyuzi zilegee. Hapo huoshwa kwa maji mengi, maana magadi hula ngozi ya mikono, hutwangwa, na kuchanganywa na ule uji wa karatasi. Mchanganyiko humiminwa katika beseni la maji. Kiunzi cha mbao kilichowambwa wavu huzamishwa, huinuliwa taratibu kikiwa sawasawa, na maji yakichuruzika hubaki utando mwembamba juu ya wavu. Huo ndio ukurasa. Hupinduliwa juu ya kitambaa, hugandamizwa chini ya mbao na mawe, kisha huanikwa.

Hapo penye kuanika ndipo tulipoanguka. Ukurasa wa namna hii wataka jua kali na upepo mkavu. Novemba hapa pwani hewa imejaa maji. Ukurasa huonekana umekauka kwa nje, na ndani bado ni mbichi. Sisi kwa haraka yetu tukabandika nakshi kwa gundi ya unga, tukazifunga kadi zote katika sanduku moja. Tarehe 9 Desemba tulipofungua, zilikuwa zimeshikana mafungu mafungu na kuota ukungu. Tukarudia kazi mchana na usiku, tukazifikisha ofisini tarehe 19. Karani akatupokea kwa adabu, akatuonyesha kwamba wao walikwisha peleka posta kadi walizonunua dukani tangu wiki iliyopita. Hatukumlaumu. Kadi ya salamu ni lazima impate mtu kabla ya tarehe 25, na mwenye kuzituma kwa mamia huzitaka mwisho wa Novemba.

Kwa hiyo mwaka huu tunaoutolea hesabu tulifanya karatasi wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari, jua likichoma. Ukurasa ulioanikwa asubuhi uliweza kubanduliwa kabla ya magharibi. Tukaziweka kurasa katika madebe yenye vifuniko, pamoja na majani makavu ya mwarobaini ya kuzuia wadudu, na hazikuguswa mpaka Agosti. Zile kadi zilizoharibika hazikutupwa. Karatasi ya mkono ina uzuri huu, kwamba ikiharibika hurudi tena beseni. Tulizitwanga zikawa vibandiko vya kufungia zawadi, navyo viliuzwa vyote. Zile nzima tulizobaki nazo zilikuwa na maneno ya Krismasi ndani yake, hazikuweza kuuzwa mwezi wa Machi. Siku hizi twaandika salamu katika nusu tu ya kadi. Nusu nyingine huachwa tupu, zipate kununuliwa kwa harusi, kwa Idi, au kwa mtoto aliyezaliwa.

Kosa la pili lilikuwa la bei, na hapa twaomba mtusikilize kwa makini, hasa ndugu zetu wenye biashara, kwa maana ni kosa ambalo halionekani kwa macho.

Tulinunua leso katika Biashara Street kwa shilingi 700 doti moja. Katika doti moja, tukiweka kipande juu na kipande chini na bitana katikati, hupatikana vitambaa vinane vya kuwekea sahani mezani. Bitana na uzi vilitugharimu shilingi 180 kwa doti. Basi kila kitambaa kilitugharimu shilingi 110. Tukauza kwa 150, tukifurahi kwamba tumepata faida ya 40. Tuliuza vitambaa 96, navyo vikaleta shilingi 14,400. Gharama yake ilikuwa 10,560. Zikabaki 3,840. Lakini meza ya sokoni ilikuwa 3,000, na gari la mizigo 1,200. Hesabuni wenyewe. Tulipungukiwa na shilingi 360, ambayo maana yake ni kwamba tuliwalipa wanunuzi watuondolee mali yetu. Na aliyeshona, kwa dakika arobaini kila kimoja, hakupata hata senti.

Tulipoulizana sababu ya kuuza kwa bei ile, kila mmoja alisema aliogopa. Tuliogopa kwamba mnunuzi akiambiwa 300 atacheka na kwenda zake. Sokoni tulikuwa tukishusha bei kabla hatujaombwa kuishusha. Huenda mwanamke aliyezoea kufanya kazi ya nyumbani bure huona haya kuitaja kazi yake kwa fedha. Twalisema hilo kwa sababu tumeliona katika nafsi zetu.

Mwaka huu tuliufunga ujira wa mshonaji, shilingi 80 kwa kila kitambaa, ukahesabiwa kabla ya kitu kingine chochote, tukaweka bei ya 300. Pia hatukuuza kimoja kimoja. Tulivifunga vinne vinne kwa utepe, kwa maana atafutaye zawadi hataki kitambaa kimoja. Tuliuza vitambaa 64 tu, theluthi mbili ya vile vya kwanza. Vikaleta shilingi 19,200. Toa gharama 7,040, toa ujira 5,120, toa meza na gari 4,200: zilibaki 2,840, na washonaji walikwenda nyumbani na chao. Wako waliocheka na kwenda zao. Walikuwa wachache kuliko tulivyodhani.

Leso nayo ina adabu zake, na mkasi usiojua adabu hizo huleta fedheha. Leso ina pindo lake pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Mwaka wa kwanza tulikata bila kusoma. Bibi mmoja alisimama mezani petu, akachagua vitambaa vya kumpelekea mama mkwe wake, akavilipia, kisha akavigeuza. Kimoja kilikuwa na neno "Hasidi", na cha pili "hana sababu". Tulimrudishia fedha zake, naye kwa bahati njema alicheka sana. Tangu hapo leso husomwa kwa sauti kabla ya kukatwa, na mafumbo ya ugomvi hubaki dukani. "Mgeni njoo mwenyeji apone" tumeiacha nzima, ikawa pazia ya meza yetu ya kuuzia, na watu watatu walitaka kuinunua.

Tena leso mpya ina uwanga, na nyingine hutoa rangi, nyekundu na nyeusi hasa. Kabla ya kukata hulowekwa katika maji baridi, huanikwa kivulini, kisha husuguliwa kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikibeba rangi, leso hiyo haitumiki kwa vitu vya mezani. Ikishonwa bila kuoshwa, itarudi nyuma siku ya kufuliwa na mshono wote utakunjamana, na mnunuzi hatakuja tena.

Mifuko ya vitambaa ndiyo iliyotusaidia kuliko yote. Tangu mifuko ya nailoni ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, mtu hawezi kwenda sokoni mikono mitupu, na mfuko imara wa kitenge huuzika Januari kama Desemba. Nyota za karatasi na mapambo ya mti hatutayasema sana. Watoto huyapenda, lakini hayaleti fedha nyingi.

Sasa tuyajibu maneno mawili tuliyoyasikia nje ya mkutano. La kwanza ni kwamba kadi na vitambaa ni mchezo wa watoto, si kazi ya chama cha kusaidiana. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyotiwa sokoni ilitolewa London mwaka 1843. Henry Cole aliyeiagiza alichapisha nakala 1,000 na kuziuza shilingi moja moja. Shirika la UNICEF nalo, lenye kuwatazama watoto wa dunia nzima, lilianza mwaka 1949 kutoa kadi, na ya kwanza ilitokana na picha iliyochorwa na mtoto wa Czechoslovakia kuwashukuru waliowasaidia baada ya vita. Kwa miaka mingi kadi zake zililiingizia fedha za kusaidia watoto. Huo haukuwa mchezo.

La pili ni kwamba Krismasi si sikukuu ya wanachama wote. Ni kweli. Katika washonaji wetu kumi na mmoja, watano ni Waislamu. Wao wanashona kwa ajili ya soko la Desemba kama wenzao wanavyoshona nguo za watoto zinazotakiwa kabla ya Idi. Hatujasikia ugomvi juu ya jambo hili katika chumba cha kushonea. Tumeusikia barazani tu.

Deni lilikuwa shilingi 23,000 baada ya zile 17,000 kurudi. Katika mwaka huu tumelipa 14,500, yaani 2,840 za vitambaa, 5,900 za mifuko, 3,260 za kadi na vibandiko, na 2,500 tulizopata kwa kushona sare za shule kwa cherehani ile ile. Malipo yote ya sokoni yalipitia simu ya chama wala si mikononi mwetu, na Mweka Hazina anazo kumbukumbu zake. Limebaki deni la shilingi 8,500.

Tumepata habari kwamba litaletwa shauri la kuuza cherehani ili deni limalizike. Hatukatai kwamba likiuzwa deni litalipika mara moja. Twaomba tu mjue kwamba siku hiyo kazi nayo itakwisha, na kwamba yule mjane tuliyemtaja alilipa karo ya mwanawe ya muhula wa tatu kwa ujira wa vitambaa na sare.

Basi ombi letu ni hili. Mfuko wa maziko usikopeshwe tena kwa kazi yoyote, yetu wala ya mtu mwingine, na neno hilo liandikwe katika kanuni za chama. Sisi tuachiwe cherehani na tupewe muda mpaka tarehe 31 Desemba kulipa zile 8,500. Fedha za kununulia vitu tutazitoa wenyewe, shilingi 100 kwa kila mtu kila mwezi, na tayari tumechanga mara mbili. Tukishindwa tarehe hiyo, cherehani iuzwe, nasi tutaileta wenyewe.

Wazee watakapokuwa wakilishauri jambo hili, kazi ya karatasi haiwezi kungoja, kwa sababu kaskazi haikai. Jumamosi hii saa mbili asubuhi beseni zitakuwa uani nyuma ya ukumbi. Mwenye karatasi chakavu za ofisini au madaftari ya watoto yaliyokwisha na ayalete. Karatasi za kung'aa hazitufai. Na mwenye mgomba uliokwisha kuvunwa asiukate vipande, atuite tuje tuuchukue mzima.