Kufua Visu kwa Mikono: Kazi ya Mtu Asiyeweza Kusimama Kutwa

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Longech)



Kamati imenitaka nieleze habari ya visu ninavyovifua, kisha nitoe ombi moja. Kazi yangu katika mkutano huu kwa desturi ni kusoma hesabu, wala si kusimulia mambo yangu. Basi mniwie radhi.

Nyote mwaujua mguu wangu wa kushoto. Nilikuwa na umri wa miaka minane nilipoanguka kutoka juu ya mkoma nikichuma makoma. Mfupa ulivunjika, nao ukaunga vibaya. Wenzangu walipokwenda na mbuzi, mimi nilibaki nyumbani. Siku moja niliokota msumari wa inchi sita, nikaugonga juu ya jiwe siku nyingi mpaka ukawa bapa, nikaunoa na kuuzungushia ngozi ya mbuzi uwe na kipini. Kisu kile kiliweza kukata mshipi wa kuvulia, wala hakikuweza zaidi ya hapo. Lakini tangu siku ile sijaiacha kazi hii. Nilipokuwa shuleni niliifanya wakati wa likizo, na sasa naifanya jioni nikisha funga vitabu vya ofisi.

Wazee wajua kuliko mimi ya kwamba chuma kilikuwa haba kwetu zamani. Vyombo vingi vya chuma vilitoka kwa wahunzi wa Labwor, katika nchi ya Uganda, vikatufikia kwa mikono ya Wajie kwa kubadilishana na mifugo. Kwa hiyo mtu mwenye abarait, kile kisu cha duara kivaliwacho katika kifundo cha mkono, alikitunza sana, na makali yake ya nje aliyafunika kwa ukanda wa ngozi yasije yakamdhuru yeye mwenyewe au jirani yake. Siku hizi chuma ni tele. Barabara itokayo Lodwar kwenda Kakuma na Lokichoggio ilikuwa ikivunja springi za malori, na springi ya lori ni chuma cha pua kilicho kizuri sana kwa kisu.

Sasa niseme jinsi ninavyofanya, ili muone kama kazi hii yahitaji miguu. Nakaa juu ya ekicholong changu. Fuawe yangu ni kipande cha ekseli kilichopigiliwa katika kisiki cha mgunga, nacho ni kifupi, hunifikia magotini nikiwa nimekaa. Moto ni wa makaa ya mathenge, mti ule tuulalamikiao kila mwaka, lakini makaa yake ni makali. Mvukuto ni wa ngozi ya mbuzi, nami naupuliza kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukishika koleo. Chuma kikiwiva nakifua kidogo kidogo, nakirudisha motoni, nakifua tena. Kisha natia tupa mpaka sura ya kisu itokee.

Kazi iliyo ngumu ni kukipa kisu ugumu wake. Nina sumaku niliyoitoa katika spika ya redio mbovu. Chuma kikifikia moto unaofaa, sumaku haikivuti tena. Hapo nakitosa upesi katika mafuta ya sangara yaliyopashwa moto kidogo. Kikitoka hapo ni kigumu, lakini huvunjika kama kioo. Sharti kisuguliwe king'ae, kisha kipashwe moto polepole hadi kiwe na rangi ya majani makavu, ndipo kitakuwa kisu cha kufanyia kazi.

Jambo hili nilijifunza kwa aibu. Nilipokuwa kijana nilikuwa na haraka, nikakitosa kisu kimoja katika maji badala ya mafuta, wala sikukipasha moto mara ya pili. Mvuvi aliyekinunua alikuwa akipasua sangara, kisu kikakatika, na kipande kikamchoma kiganja. Hakuweza kuvuta nyavu kwa majuma matatu. Nilimrudishia fedha zake na kumpelekea posho nyumbani mpaka alipopona. Tangu hapo hakuna kisu kitokacho mkononi mwangu kabla sijakijaribu mimi mwenyewe juu ya mfupa.

Nilipomaliza masomo ya sekondari niliomba nafasi katika chuo kimoja cha ufundi. Yule aliyenipokea aliutazama mguu wangu, akasema mwanafunzi sharti asimame mbele ya meza ya kazi kutwa nzima. Hakuitazama mikono yangu. Silitaji jina la chuo, kwa kuwa sikuja kushitaki mtu. Nalitaja jambo hili kwa sababu hapa kwetu wako vijana waliolemaa, nasi wenyewe twawatazama vivyo hivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema ya kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima. Je, heshima ni kumpa mtu debe la mahindi kila mwaka, kisha kumwacha akae kivulini?

Wazee walitusimulia habari ya njaa ya mwaka 1960 na 1961. Watu waliopoteza mifugo walikusanyika hapa kwenye Ghuba ya Ferguson, wakapewa chakula. Lakini kama wangalipewa chakula peke yake, leo pasingalikuwa na wavuvi wengi namna hii. Walipewa na nyavu pia, wakafundishwa kuzitumia.

Basi ombi langu ni hili. Sehemu ya fedha za msaada wa mwaka ujao inunue vyombo vya watu wawili: nyundo, koleo, tupa na mvukuto. Vijana wawili waliolemaa waje kwangu kila jioni, sitaki malipo. Wapasuaji wa samaki hapa wahitaji visu kila siku, kwa maana samaki asiyepasuliwa na kutiwa chumvi mapema huoza kwa joto letu.

Nimesikia mzee mmoja akisema ya kwamba kuongeza visu ni kuongeza ugomvi. Neno lake ni la haki. Mimi simwuzii kisu mtu mlevi wala mwenye hasira, na vijana hao nitawafundisha sheria hiyo kabla ya kuwafundisha kushika nyundo. Wakiivunja, vyombo na virudi kwa Chama.

Bwana Mwenyekiti, naliacha ombi hili mikononi mwa mkutano.