Kabla ya Kutuma Pesa za Nondo

Mazungumzo kwa wanachama katika sherehe ya Uhuru, 9 Desemba



Nimeombwa niseme machache kuhusu chuma. Ujuzi huu si mgeni kwetu: kule Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, watu walikuwa wakiyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita. Leo nitazungumzia chuma cha ile nyumba ambayo wengi wetu tunaijenga nyumbani kwa simu na picha.

Watoto, zege ni imara likigandamizwa, lakini likivutwa hukatika upesi. Chuma huvumilia kuvutwa. Ndiyo maana fundi hulaza nondo ndani ya zege, upande ule ambao boriti huvutika. Tena kwa joto vyote viwili hutanuka karibu sawasawa, kwa hiyo haviachani juani.

Saruji ina ukali kama wa chokaa, na ukali huo hukinga chuma kisishike kutu. Chumvi ikifika kwenye nondo, kinga huvunjika. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Anayejenga Tanga, Bagamoyo, Kilwa au Unguja asikubali mchanga wa ufukweni wala maji ya bahari, hata akipewa bure. Kwa nguzo za nje karibu na bahari, zege linalofunika chuma, ringi zikiwemo, liwe na unene wa sentimita 4 hadi 5.

Sasa vipimo. Zidisha kipenyo cha nondo kwa kipenyo, kwa milimita, kisha gawanya kwa 162: utapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 ni takriban kilo 0.89 kwa mita, na ya milimita 16 ni kilo 1.58. Kwa hiyo nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 iwe karibu kilo 10.7. Ikipungua sana, umeuziwa jina tu.

Kwenye bati, namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko geji 28, hata rangi ikivutia vipi. Zinki iliyopakwa juu hulika kwanza, ikikilinda chuma hata palipokwaruzika kidogo. Lakini cheche za grenda huunguza zinki na rangi. Fundi akate kwa mkasi wa bati.

Alumini ya madirisha ni nyepesi, karibu theluthi ya uzito wa chuma, na haishiki kutu nyekundu. Hata hivyo, ule ukali wa saruji unaokinga nondo huila alumini. Fremu zifunikwe nailoni wakati wa kupiga plasta.

Ndugu zangu, kumuuliza mdogo wako geji na kilo si kumshuku. Ukimtumia pesa bila vipimo, unamwacha abishane na muuzaji peke yake, na nyumba ikipasuka lawama ni zake. Mtumie pesa pamoja na vipimo vilivyoandikwa na injinia, naye apime mzigo kabla haujashushwa.